Waini ya Bordeaux ya 2010 ina mashapo na inakausha mdomo, imeharibika?

Swali: Habari mtaalamu. Shemeji katoka Ufaransa katuletea chupa mbili za waini nyekundu, lebo imeandikwa Pauillac 2010. Juzi tukafungua moja, glasi za mwisho zikatoka na vumbi vumbi jeusi halafu mdomo unakauka kabisa. Mume wangu anasema imeharibika tumwage hata ya pili, ipo kabatini jikoni hapa Dar. Ni kweli? Na kwa nini watu wanatoa hela nyingi kwa waini iliyozeeka?

Jibu: Dada usimwage chochote, tafadhali. Hilo vumbi ni mashapo, hayana madhara, na kwenye waini ya Bordeaux, eneo la Ufaransa ambako hiyo Pauillac yenu ipo, ikiwa na umri huo ni kitu cha kawaida kabisa. Iliyoharibika ungeijua kwa pua, inanuka siki au inanuka boksi lililoloa maji.

Ukavu wa mdomoni ni tanini, ile ile inayokushika ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225 ambamo waini kubwa za kule zinakaa mwaka na nusu hivi kabla ya kutiwa chupani. Pauillac iko kando ya maji ya Gironde, ardhi yake changarawe nyingi, maji hayatuami na mawe yanashika joto la jua, na zabibu inayopenda hali hiyo ni Cabernet Sauvignon, punje ndogo ganda nene, kwa hiyo tanini inakuwa nyingi mno na waini ikiwa changa ni kali kweli kweli.

Sasa uzuri wenyewe unatokea humo chupani. Miaka inavyopita tanini na rangi zinashikana zinakuwa minyororo mirefu, ikishakuwa mizito inazama, ndo hayo mashapo yako. Ukali unapungua, rangi inatoka zambarau inaelekea wekundu wa tofali, harufu ya matunda inasogea kando na unaanza kusikia tumbaku, ngozi, mbao ya mwerezi, uyoga, majani makavu, na hakuna mtu aliyeviweka, vimejitengeneza vyenyewe polepole. Mimi hapo ndipo naipenda hii kazi. Ila waini nyingi duniani zimetengenezwa zinywewe mapema, ukiziweka miaka 10 zinakufa tu.

Mwaka kwenye lebo nao una uzito. Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, Bordeaux ni mara moja, kawaida mwezi wa 9 na wa 10, hali ya hewa ikigoma basi. 2013 ulikuwa baridi na mvua, waini zake nyingi nyepesi. 2009 ulikuwa wa joto, zikatoka laini, zinanyweka mapema. 2010 ulikuwa mkavu lakini usiku una ubaridi, zabibu zikawa na tanini nyingi na uchachu wa kutosha, na huo uchachu ndo unaoibeba waini miaka na miaka. Kwa hiyo ya kwenu bado ina nguvu.

Kinachonitisha ni hilo kabati! Waini kama hii inataka nyuzi 12 hadi 14 hivi, gizani, imelazwa ili kizibo kisikauke. Jikoni Dar ni nyuzi 30 au zaidi, inapikika ndani ya chupa na kizibo kinaweza kusukumwa nje. Kama hamna friji ya waini iwekeni chini kabisa kwenye friji ya kawaida, leo hii, na muinywe ndani ya miezi michache, msiitunze kwa ajili ya harusi ya mtoto.

Siku moja kabla ya kuinywa isimamishe ili mashapo yatulie chini. Mimina taratibu kwenye jagi safi la kioo, washa tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa, ukiona weusi umefika shingoni acha hapo hapo. Ikae kwenye jagi saa moja au mbili ipate hewa na ubaridi wa friji uishe, nyuzi 16 hadi 18 zinatosha, ikiwa baridi sana tanini inazidi kuuma (yenye miaka 40 nisingekuambia uiache hivyo, harufu zake zinakimbia haraka). Na msiinywe kavu kavu, tafuteni mbuzi choma au nyama ya ng'ombe yenye mafuta, protini na mafuta yanaituliza tanini na utaona inateleza vizuri.