Orodha ya soko ndani ya simu ilinitoa midomoni mwa watu

Dada mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniandikia wiki iliyopita: "Mama Junior, ni kweli wewe na Papa Junior mnaandika vitu vya soko pamoja ndani ya simu? Mume wangu anasema huko ni kumchunga." Nilimjibu kwa sauti ya dakika nne, nikaona bado sijamaliza.

Papa Junior anafanya kazi mgodini Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi. Mimi niko hapa na watoto wanne na mama mkwe. Pesa ya chakula anaituma kwa simu, kwa dola, kiasi kilekile kila mwezi. Mwaka 2025 dola ikashuka mbele ya franga. Kambisti wa kona yetu, yule anayebadilisha pesa, aliyekuwa akinipa karibu franga 2800 kwa dola moja, akafika chini ya 2500. Soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, halikushuka pamoja naye. Mama wa ndakala, anayeuza samaki wadogo wakavu, nilimwambia dola imeanguka, akaendelea kupanga mafungu yake, bei ileile. Dola ni zilezile, sufuria imepungua.

Ndipo shemeki wangu, dada ya Papa Junior, akaja kutusalimia Jumapili. Aliingia jikoni, akafunua sufuria kwa mkono wake mwenyewe. Bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga tu. Akashika kifuniko vile, maji yanadondoka chini, akasema mama mkwe asikie: "Kaka yangu anakufa na kazi kule. Franga inaenda wapi?" Sikujibu. Mpaka leo nikifunua sufuria ile, sauti hiyo inarudi.

Lakini orodha ilikuwepo tayari. Papa Junior aliniwekea Google Keep, programu ya kuandika orodha, miezi mingi nyuma, kwa sababu kila safari nilisahau chumvi. Mmoja anafungua orodha ya visanduku, anamwalika mwenzake kwa anwani yake ya Gmail, basi kila mtu anaandika kwenye simu yake. Ukinunua kitu unagusa kisanduku, jina linapigwa mstari, na mwenzako anaona. Mimi nikaongeza mazoea yangu: bei kando ya kila kitu, na juu kabisa bei ya dola ya siku hiyo. Bunga mfuko wa kilo 25. Mafuta lita 5. Makala, yaani makaa, gunia 1. Thomson, wale samaki, 4.

Mwisho wa mwezi tuliketi wote, shemeki naye yumo. Papa Junior akatoa simu yake, si yangu, akaanza kusoma mstari kwa mstari. Mama mkwe akasogeza uso karibu na kioo, akaweka kidole: "Na hii, mbona haikukatwa?"

"Ni samaki, mama," nikajibu. "Wiki tatu hatujamnunua."

Shemeki hakuomba msamaha. Bado nangoja.

Kwa hiyo, dada wa Katuba, andika bei. Andika na kipimo: meka ngapi, yaani makopo ya kupimia, si "bunga" tu. Gusa kisanduku ukiwa bado mbele ya muuzaji, na uhakikishe una mega za intaneti. Jumamosi moja nilinunua gunia la makala barabarani mega zikiwa zimeisha, alama yangu haikufika kwa Papa Junior, naye akashusha gunia la pili mlangoni. Siku hizi mega zikiisha napiga simu ya kawaida. Umeme ukikatika usiku, andika kwenye karatasi kabla simu haijazimika, bei utaihamisha umeme ukirudi. Na ukoo wote usiualike ndani. Orodha ni ya wanaopika na wanaolipa.

Mume anayeogopa kuchungwa, mpe naye aandike. Mwanaume akituma pesa bila kujua mfuko wa bunga ni bei gani, nyumba yake anaijua kwa kusimuliwa, na wasimulizi hawakosekani. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, bunga ilipanda hapa kwetu, kwa sababu tunategemea sana mahindi na unga unaopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wanawake wangapi waliambiwa mwaka ule kwamba hawajui kutunza pesa? Tusikubali tena kusimama mikono mitupu mbele ya watu. Bei iandikwe, dada yangu, siku ileile, hata kama ni ya nyanya tu.

Jana usiku nilifungua orodha. Papa Junior ameongeza mstari kutoka Kolwezi: "Thomson 6, shemeki anakuja Jumapili." Nitawanunua wote sita. Na bei nitaiandika.