Paa la turubai Mwanza: vumbi, korongo na jua la ziwani

Ukiwa na gari la paa la turubai hapa Mwanza, iwe Suzuki Escudo ya milango mitatu au Mazda Roadster iliyotoka Japani, watu watakuuliza kwanza kama mvua haiingii. Haiingii, paa likiwa zima. Mimi humuuliza mwenye gari jambo jingine: huwa unalikunja likiwa na hali gani? Kwa miaka yote niliyoendesha Escudo yangu kati ya Nyegezi na mjini nimeyaona mapaa mengi ya wenzangu yakifa, na karibu yote yalianzia kwenye mikunjo.

Chukulia vumbi. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua ikishakata, barabara za mitaani kwetu hutimka vumbi kutwa nzima. Udongo wetu umetokana na haya mawe makubwa yaliyojaa mji mzima, kwa hiyo chembe zake ni ngumu na zina makali. Paa likikunjwa na vumbi lake, chembe hizo hubanwa katikati ya kitambaa na kitambaa, kisha kila tuta na kila shimo huzifanya zisage kama msasa. Kitambaa hakitoboki siku hiyo. Kinapungua unene taratibu, mpaka asubuhi moja uko ndani ya gari unaona mwanga unapenya kwenye kona. Ndiyo maana sikunji kabla ya kupitisha brashi laini juu ya paa lote, nikifuata mwelekeo wa nyuzi. Ni kazi ya dakika chache tu, na ukiniuliza jambo moja la kushika katika yote haya, nitakutajia hili.

Unyevu nao unashambulia palepale. Masika ya Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba, mvua inaweza kunyesha kwa nguvu saa nne na saa sita jua likawa linachoma, na mtu anatamani kufungua paa mara moja. Subiri. Turubai lililokunjwa likiwa limelowa huota ukungu, na yale madoa meusi ukiyasugua sana unaondoka na nyuzi pia. Tena kitambaa kikikaukia kwenye mkunjo husinyaa, halafu siku ya kulifunga paa unavuta kwa nguvu na mishono inaanza kufumuka. Kama huna budi kukunja likiwa bichi, likunjue jioni hiyohiyo, lifunge na uliache likauke likiwa limetandazwa.

Sasa ndege. Anayefika Mwaloni Kirumba kununua samaki anawajua wale korongo wakubwa wanaokaa juu ya miti na mapaa. Kinyesi cha ndege kina asidi, na kikipigwa jua juu ya turubai kinapausha rangi na kula ile dawa ya kuzuia maji. Usikikwangue kikiwa kikavu. Weka kitambaa kilicholowa juu yake, kiache kilainike, kisha kiinue na usuuze kwa maji mengi. Vivyo hivyo kwa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu na kufia juu ya gari. Pale Kirumba ninapendelea kuegesha juani kuliko chini ya mti wenye ndege, maana saa moja ya jua ina madhara madogo kuliko kinyesi kilichokaa kutwa. Kwa maegesho ya siku nzima ni tofauti: tafuta kivuli cha ukuta au banda. Tuko digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua la hapa ndiyo inayokausha vinaili, ile plastiki laini ya paa, na kuozesha uzi. Mwembe nao unadondosha utomvu, uepuke.

Kuosha: kataa mashine ya presha. Vijana wa kuosha magari wana nia njema, lakini maji yale hupasua mishono na kusukuma maji ndani. Kataa pia sabuni ya unga kali na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Sabuni laini, ndoo, brashi laini, na kusuuza mpaka povu liishe, basi. Wanaopeleka magari ufukweni nawaomba waache. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji yenyewe yana mwani na tope laini linalobaki kwenye nyuzi. Na polishi ya viatu au mafuta ya kung'arisha tairi, ambayo wengine hupaka ili paa liwe jeusi tena? Hunatisha vumbi, na tunarudi kulekule kwenye msasa. Nunua dawa ya kuzuia maji ya vitambaa, uipulize paa likiwa safi na kavu.

Dirisha la nyuma la plastiki lifungue zipu kabla ya kushusha paa, na uweke taulo safi kwenye mkunjo wake. Lioshe kwa maji tele, kamwe usilifute likiwa kavu. Mipira ya milango ipake gliserini ya duka la dawa. Kama gari lako lina matundu ya kutolea maji nyuma ya viti, yasafishe kwa mpira mwembamba, siyo waya.

Kila mwezi pitisha kidole pale turubai linapogusa vyuma vya fremu. Ukikuta pamelainika au uzi umeanza kuachia, nenda kwa fundi wa kushona viti vya magari wiki hiyohiyo, abandike kiraka kwa ndani na ashone kwa uzi wa poliesta, kwa sababu uzi wa nailoni hauhimili jua vizuri. Gundi ile inayokauka papo hapo asiitumie. Hukakamaa na kupasuka kwenye mkunjo, na tundu dogo linakuwa mpasuko wa kiganja kizima.