Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa kinga na ateri, inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili) ipi?

Nimetoka kusikiliza presentesheni za wanafunzi wapya na slaidi ya mwisho ni ileile kwa kila mtu, "dawa hii inapunguza inflamesheni kwa hiyo itazuia plaki", yaani mafuta yanayojikusanya kwenye ukuta wa ateri. Jamani. Nawapenda ila hili limenichosha.

1. Panya wa kontroli watoke kwa wazazi walewale waliozaa wale wasio na jini ya ApoE (inayosaidia kuondoa mafuta kwenye damu, bila hiyo panya hupata plaki), na madume na majike wachambuliwe mbalimbali. Halafu plaki ya panya haipasuki kirahisi kama ya binadamu, kwa hiyo msiandike mshtuko wa moyo kwenye pepa ya panya.

2. Makrofaji (seli za kinga zinazomeza takataka) zilizojaa mafuta zinang'aa zenyewe kwenye flo saitometri, mashine inayosoma seli kwa mwanga. Kontroli isiyotiwa rangi ni lazima.

3. Hii ndo iliyonifanya niandike. Mwaka 2017 jaribio la dawa la CANTOS lilipotoka tulishangilia kwa kweli, watu 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, wote CRP yao (kipimo cha inflamesheni kwenye damu) miligramu 2 kwa lita kwenda juu, na canakinumab (dawa inayozuia interleukini-1 beta) miligramu 150 kila miezi 3 ikapunguza matukio ya mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa 15% bila LDL (kolesteroli mbaya) kushuka, yaani interleukini-1 beta, saitokini moja tu (protini inayobeba ujumbe wa kinga), ilikuwa na mkono wake pale. Wengi tukaiwekea matumaini methotrexate, dawa ya kutuliza kinga, mimi nikiwemo, maana wagonjwa wa baridi yabisi wanaoimeza walionekana kupata shida chache za moyo, na ni dawa rahisi, nikawaza hii itafika mpaka hospitali za wilaya huko nyumbani. Mwaka 2018 likaja jaribio lake, CIRT, watu 4,786, haina tofauti na plasebo (dawa bandia). Iliniuma sana. Ukifungua data unaona interleukini-1 beta, interleukini-6 na CRP hazikushuka, na wagonjwa hawakuchujwa kwa CRP, wengi walianza nayo ikiwa chini tayari. Dawa inayotuliza viungo haikugusa njia inayoumiza ateri, na sisi tulikuwa tumeziita zote inflamesheni tukaona inatosha. Mwaka uliofuata kolchisini (dawa ya zamani ya jongo) miligramu 0.5 kwa siku ikafanya vizuri kwenye jaribio la COLCOT.

4. Kinga ina kazi yake. Kwenye CANTOS vifo vya maambukizi viliongezeka na vifo vya jumla havikupungua, sasa nyie mnaotoka kwenye TB nyingi ulizeni hilo mapema, msisubiri mtahini awaulize.

Slaidi za Ijumaa nataka jina la saitokini, na kipimo chake kabla na baada ya dawa.