Umeitwa mahojiano Dodoma kwa mara ya nne? Mdogo wangu, nenda

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika: umefaulu mchujo, ule mtihani wa kuandika, wa ajira ya serikali kada ya Afisa Ugavi, umeitwa mahojiano Dodoma, hii ni mara ya nne, na mama amekwambia hela ya nauli bora uongezee mtaji kwenye genge lako. Unauliza kama kuna haja ya kwenda tena. Mimi ni kada hiyo hiyo, nimesailiwa mara tano, na leo niko kazini kwenye halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa. Nenda. Waliokujibu kabla yangu wanakukatisha tamaa, na sioni hata mmoja aliyegusia habari ya kanzidata, ile orodha ya waliofaulu mahojiano wakakosa nafasi.

Kuhusu gharama mama yako hajakosea hata kidogo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, hao wanaosaili kwa niaba ya serikali, yanasema wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Mwaka wangu wa mwisho, Aprili 2024, mchujo ulikuwa Jumamosi na mahojiano Jumatano. Hizo siku za katikati ndizo zinazommaliza mtu. Ukirudi Makambako na kugeuza tena ni nauli mara mbili, ukibaki ni gesti. Tulikutana wadada wanne kwenye foleni ya uhakiki wa vyeti, hakuna aliyemjua mwenzake, tukachangishana chumba kimoja Ng'ong'ona, pale jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Wawili kitandani, wawili kwenye mkeka. Mmoja wetu alikuwa na mtoto wa miezi mitano, na siku ya mtihani mdogo wake alimbeba mgongoni akizunguka naye chini ya mti mpaka dada mtu atoke. Safari nzima ilinitoka Sh 140,000, na zaidi ya nusu yake mama aliikopa kwenye kikoba. Kwa hiyo nikisema nenda, najua ninachokuambia ukatoe.

Ila usipande basi kabla hujatandaza nyaraka zako zote mezani. Usaili wangu wa tatu uliishia mlangoni. Jina langu la mwisho ni la babu: cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, vyeti vya shule vinasema John, na miaka yote hakuna aliyeniambia kuwa ni tatizo. Dada wa uhakiki aliweka vidole viwili juu ya majina hayo mawili, akaniangalia, akasema, "Hapa ni watu wawili." Nilitoka pale nikiwa nimeishiwa nguvu kabisa. Majina yakitofautiana wanataka hati ya kubadili jina: unaanzia kwa wakili, unamalizia kwa Msajili wa Hati, na siyo kazi ya siku moja. Vilevile vyeti viwe halisi. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi badala ya cheti, wala matokeo ya muda ya chuo. Ukiwa umesoma nje ya nchi kuna ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), lakini wewe umesoma hapa hapa, hilo halikuhusu. Kitambulisho chako cha NIDA kisikae ndani ya begi kubwa, kiwe mkononi.

Sasa mahojiano yenyewe. Mara mbili za kwanza nilikwenda na desa, yaani notisi za kukariri. Nilikuwa nimekariri maana ya ununuzi, hatua za zabuni, kila kitu, na nikavimwaga vyote kama nilivyovibukua. Niliona wanaandika nikadhani nimeua. Jina halikutoka. Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba mchujo umeshawaonyesha kuwa unajua vitabu. Mle ndani wanataka kujua kama wakikukabidhi stoo kesho asubuhi utaisimamia.

Mara ya tano walikuwa watano, meza imepangwa kama herufi U, mimi kwenye kiti peke yangu mbele yao. Baada ya kujitambulisha, mama mmoja wa makamo akaniambia nimweleze mzigo wa mwisho nilioupokea kwa mikono yangu. Wakati huo nilikuwa najitolea kwenye shule moja iliyokuwa inajenga madarasa. Nikamwambia ukweli ulivyokuwa: karatasi ilisema mifuko 200 ya saruji, mimi nimehesabu kwenye gari mara mbili nikapata 188, dereva ananiharakisha nisaini, mwalimu mkuu naye anataka mafundi waanze. Nikakataa kusaini 200. Nikaandika 188, nikamtaka dereva asaini pembeni ya namba hiyo, ndipo nikampigia msambazaji. Yule mama akaacha kalamu. "Na angekataa kuleta kumi na mbili zako?" Nikajibu kwamba malipo yangekwenda kwa kilichopokelewa, kwa sababu hati ya kupokelea mali ndiyo anayoitazama mhasibu. Tukaenda hivyo dakika kadhaa, swali juu ya swali, na kwa mara ya kwanza sikuona kama nafanya mtihani.

Kwa hiyo wewe nawe tafuta mzigo wako. Umeandika kwamba ulifanya mafunzo kwa vitendo kwenye bohari ya hospitali. Kaa chini, kumbuka siku moja ambayo hesabu zilikataa, na uieleze kwa sauti mbele ya mtu mpaka uizoee. Na sheria soma ya sasa. Kuna watu bado wanabukua ile ya mwaka 2011 kwa sababu ndiyo iliyo kwenye madesa ya chuo, wakati kuna Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na Kanuni za 2024. Mimi niliulizwa NeST, mfumo wa sasa wa serikali wa kununua kwa mtandao, ina tofauti gani na TANePS, ule wa zamani, na mwenzangu mmoja wa Ng'ong'ona alikwama hapo hapo.

Nije kwenye kanzidata, ambayo ndiyo sababu kubwa ya kukwambia uende. Majina ya walioitwa kazini yalipotoka Juni 2024, mimi sikuwemo. Nililia, nikaweka vyeti juu ya kabati. Sikujua kwamba kukosa nafasi na kufeli mahojiano ni vitu viwili. Ukifaulu halafu nafasi zikajaa kwa waliokuzidi alama, jina lako linabaki kwenye kanzidata. Taasisi nyingine ikipata kibali cha kuajiri kada yako, Sekretarieti inaweza kukupangia huko bila kukusaili upya. Januari 2025 yule dada mwenye mtoto alinipigia saa tatu usiku, akasema fungua tangazo jipya, shuka mpaka chini. Jina langu lilikuwa pale, mkoa ambao sikuwahi hata kuuomba.

Wakubwa zetu waliokwenda Uwanja wa Taifa Juni 2014 walikuwa zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Hesabu ikiwa namna hiyo, mtu mzuri kabisa anaweza kukosa, tena zaidi ya mara moja. Naomba mama yako umsomee hiki kipande.

Na genge usilifunge. Mimi mara ya pili niliacha kazi ya duka nikisubiri majina, nikakaa miezi saba sina hata vocha, na ile dhiki ndiyo iliyonifanya niende usaili uliofuata natetemeka. Mwachie mdogo wako funguo, mwandikie bei ukutani, panda basi la asubuhi la kupitia Mtera siku mbili kabla. Ukifika stendi ya Nanenane usikubali kupelekwa gesti na mtu yeyote. Uliza daladala za UDOM, na ukifika Ng'ong'ona tafuta wenzako wenye bahasha za kaki. Utawaona tu.