Ukikaa kwenye kompyuta ya studio, usianze na picha

Mdogo wangu unayeanza kazi, anza na mipangilio. Programu ya kusafishia picha, yaani Photoshop, haijui kama unaprinti albamu au unamrushia mteja WhatsApp. Usipoiambia, itakuamulia.

Mimi nilijifunza kwenye kifaa cha kukatia picha humo ndani ya programu. Vile vikasha vya juu hutunza vipimo vya aliyekaa kabla yako, na siku hiyo aliyenitangulia alikuwa ameacha 72 kwenye rezolusheni, yaani pikseli (vidoti vya picha) 72 kwa kila inchi. Nikaandika 10 kwa 15, sentimita, nikaanza kukata picha za harusi. Kila nikikata, picha inajikunyata kwenye skrini. Naikuza ikae sawa, nasevu juu ya ile ya mwanzo, naenda inayofuata. Jioni tunaprinti: nyusi za bibi harusi zina ngazi kama za ghorofa! Kwa 300 picha ya saizi hiyo ingekuwa na pikseli 1181 kwa 1772. Zangu zilibaki 283 kwa 425. Kilichoniokoa ni kadi ya kamera, ilikuwa bado haijafutwa. Kwa hiyo futa vikasha vyote kabla ya kazi mpya, na kazi ifanyie kwenye kopi. Tena toa tiki pale panapofuta kilichokatwa, maana yule shangazi uliyemkata pembeni atakuja kuulizwa.

Rangi nazo zina mambo yake. Kwenye kompyuta hina imekolea, mteja akiifungua kwenye simu imepauka na uso umekuwa kama umepakwa majivu. Mara nyingi chanzo ni picha kubaki kwenye Adobe RGB, mpangilio wa rangi ulio mpana kuliko ule wa kawaida wa sRGB, halafu ikafunguliwa na kitu kisichosoma wasifu wa rangi, yaani maelezo ndani ya faili yanayosema inatumia mpangilio upi. Unapotoa picha ya kwenda simuni, igeuze iwe sRGB. Nimesema igeuze: ukiibandika tu jina la sRGB bila kuigeuza, unaipausha mwenyewe.

Kitufe cha kuiachia programu irekebishe picha yenyewe mimi nakitumia kwenye vyeti vilivyoskaniwa, basi. Uso wa mtu sikiachii.

Programu ikikugomea kwamba diski imejaa wakati diski D ina nafasi tele, ni kwa sababu faili zake za muda inazimwaga diski C. Kwenye mipangilio zihamishie D, uifunge programu, uifungue tena.

Halafu kuna mauzauza. Kuna siku duara la brashi lilipotea, kikabaki kimsalaba kidogo, sijui naanza kupaka wapi wala naishia wapi. Nikaifunga programu, nikaifungua. Kimsalaba. Nikaitoa programu, nikaiweka upya, mchana mzima umekwenda. Kimsalaba kiko pale pale. Nikamwita fundi. Alikuja, hata kiti hakuvuta, akabonyeza Caps Lock mara moja, duara likarudi. Akadai elfu tano yake, na nikampa.