Usizikoroge dawa za soriasisi kwenye kikopo

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kununua tyubu ya kalsipotrioli na tyubu ya betamethasoni, dawa za kupaka za soriasisi (ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba), ukazikoroga pamoja nyumbani, kwa kuwa tyubu iliyochanganywa kiwandani ni ghali. Nilifanya hivyo hivyo hapa Tabata, Dar es Salaam, nikapoteza fedha na miezi mitatu.

Mabaka yangu yako viwikoni na magotini. Kwa muda mrefu watu waliyaita fangasi, wengine pumu ya ngozi, mpaka daktari wa ngozi alipolikwangua baka moja taratibu: magamba yakadondoka kama vumbi la chaki, kisha vitone vidogo vya damu vikachomoza, dalili ya soriasisi.

Alinieleza kuwa kalsipotrioli, ambayo ni ya jamii ya vitamini D, hupunguza kasi ya seli za ngozi kuzaliana lakini huweza kuchoma, ilhali betamethasoni, ambayo ni steroidi, hutuliza uvimbe na pia mchomo huo. Ndiyo maana zikitumika pamoja huzidi kila moja ikiwa peke yake. Hata hivyo, ya kwanza hudumu katika hali ya alkali na ya pili katika hali ya asidi kidogo, hivyo kiwandani kwa kawaida huwekwa katika mafuta maalumu yasiyo na maji, jambo ambalo kikopo changu hakingeweza. Nami nilizidisha kosa kwa kuongeza marhamu ya asidi ya salisiliki ili kulainisha magamba, bila kujua kwamba asidi hiyo huiharibu kalsipotrioli.

Baadaye daktari aliniruhusu kutumia tyubu mbili kwa nyakati tofauti, moja asubuhi na nyingine usiku, kwa wiki 4, kisha nirudi anione. Tyubu ya mchanganyiko hupakwa mara moja tu kwa siku, na mtu mzima asizidishe gramu 100 kwa wiki. Mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu, nao hutosha eneo la viganja viwili. Usipake usoni, makwapani wala kinenani. (Kwa joto letu la Februari, tenga shuka kuukuu, marhamu hayana adabu.)

Baka likishakuwa laini, doa jeusi linalobaki si la kutibiwa kwa steroidi. Mimi niliendelea kulipaka wiki 6 nikitaka rangi irudi, nikaambulia ngozi nyembamba yenye michirizi nyuma ya goti.