Hofu Iliyonishusha Jangwani

Asubuhi moja ya Agosti 2019, nikiwa nimesimama ndani ya basi la mwendokasi jijini Dar es Salaam, kutoka Kimara kwenda Posta, niliamini kwamba nakufa. Basi lilikuwa limeshaiacha Magomeni Mapipa na linateremka kuelekea Jangwani, limejaa kiasi kwamba mkono nilioshikia bomba la juu haukuwa na nafasi ya kushuka, na ghafla moyo ukaanza kwenda mbio kama wa mtu aliyekurupushwa usingizini. Kijasho chembamba kikanitoka, kifua kikabana, vidole vikaingia ganzi, na midomo ikawa kama si yangu. Nikatamka shahada kimoyomoyo. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akanitazama usoni, akanyanyuka na kusema, "Kaa hapa, mwanangu, kaa." Nilikataa, kwa sababu nilichotaka ni kushuka tu, naye akanishika mkono mpaka mlango ulipofunguka. Baada ya dakika kama ishirini kituoni hali yote ilikuwa imekwisha, nikabaki na uchovu wa mtu aliyelima kutwa nzima.

Hospitalini walinipima moyo kwa mashine, wakapima presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo. Kila kitu kilikuwa sawa, na nikaambiwa, "Huna kitu." Ni habari njema, lakini kwa mtu aliyetamka shahada ndani ya basi, neno hilo linauma, kwa kuwa linamwacha na ugonjwa usio na jina. Hata hivyo, nawasihi wote wanaopatwa kwa mara ya kwanza na hali hii, ambayo baadaye nilijua kwamba ni shambulio la hofu, waende kupimwa kama nilivyokwenda mimi, kwa sababu maradhi ya moyo, tezi ya shingo iliyozidisha kazi, upungufu wa damu na kushuka kwa sukari vinaweza kujifanya hofu. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi, begani au kwenye taya, au yanayokuja unapopanda ngazi na kutulia unapopumzika, hayasubiri ushauri wa mtu anayeandika mtandaoni.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jina lake la kuuita ugonjwa huo. Mama mkwe alisema ni presha ya kupanda na kushuka, ambayo haikuonekana kwenye kipimo kwa sababu siku ile ilikuwa imeshuka. Shangazi alisema ni jini, tena la pwani, akaniletea kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, nami nikalinywa, maana wakati ule ningekunywa chochote. Sisemi hivyo kwa dharau. Kisomo kilinituliza usiku, nikalala, lakini asubuhi basi lilikuwa palepale na mimi nilikuwa siwezi kulipanda. Nilianza kwenda kazini kwa bodaboda, kisha nikaacha kuingia kwenye lifti, kisha nikaacha kuswali safu ya mbele msikitini ili niwe karibu na mlango. Miezi mitatu ilikatika hivyo.

Aliyenifungua macho ni daktari wa afya ya akili niliyepelekwa kwake kwa shingo upande. Aliuliza maswali machache, kisha akaniomba jambo ambalo nililiona la kitoto: nipumue haraka haraka kwa mdomo, kwa dakika moja, mbele yake, huku akitazama saa. Sekunde ya arobaini haikufika kabla ganzi haijaanza kwenye ncha za vidole, ile ile ya Jangwani, na kizunguzungu kikafuata. Nikamwambia, "Daktari, imekuja." Akanijibu kwa utulivu, "Haijaja. Umeitengeneza mwenyewe kwa pumzi."

Alinieleza kwamba ubongo unapohisi hatari, iwe ya kweli au ya kudhaniwa, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini, na mwili ukajiandaa kupigana au kukimbia: moyo hudunda kwa nguvu ili kupeleka damu kwenye misuli, jasho hutoka, na pumzi huenda mbio. Anayepumua hivyo huku amesimama tu hutoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na upungufu wa hewa hiyo katika damu ndio unaoleta ganzi, kizunguzungu na ile hali ya kuhisi kwamba pumzi haziteremki, ingawa hewa ya oksijeni ipo tele. Nilikuwa nikiogopa kuzimia mbele za watu, naye akaniambia kwamba kuzimia katika shambulio la hofu ni nadra, kwa sababu mtu huzimia presha inaposhuka, na katika hofu presha huelekea kupanda. Kilele chake mara nyingi hufika ndani ya dakika kumi, kisha mwili wenyewe huanza kutulia.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliandika kwamba kinacholikuza shambulio la hofu ni tafsiri ambayo mtu anaupa mwili wake unaodunda na kutoka jasho. Moyo unaruka kidogo, nawe unasema "nakufa". Kusema hivyo kunaleta adrenalini zaidi, moyo unaruka zaidi, na duara linajifunga. Nilipoelewa hilo ndipo nilipoona kosa langu. Kila niliposhuka kwenye basi hofu ilipungua, na kwa kuwa ilipungua niliamini kwamba kushuka ndiko kulikoniokoa, kumbe ingepungua hata kama ningebaki. Hata chupa ya maji niliyobeba kila mahali, kidonge kilichokaa mfukoni bila kumezwa na kiti cha karibu na mlango vilikuwa hirizi zangu. Nilimshangaa shangazi na kombe lake, kumbe mimi nilijaza hirizi begi zima.

Matibabu yalikuwa kulipanda basi lilelile, kidogo kidogo. Tulipanga kwamba nianzie Kimara Mwisho saa nne asubuhi, wakati watu wamepungua, nishuke Korogwe, kituo kinachofuata, na nirudie safari hiyo mpaka inichoshe. Kisha Baruti, kisha Ubungo, kisha Manzese. Sharti lilikuwa moja, nalo ndilo gumu: nisishuke hofu ikiwa kileleni, bali nisubiri ianze kuteremka. Nilikuwa na daftari la kurasa arobaini na nane ambamo niliandika kiwango cha hofu kutoka sifuri hadi kumi nilipopanda, kilipofika juu kabisa, na niliposhuka. Siku ya Manzese niliandika nane, tisa, nne. Jangwani ilinichukua wiki sita kuifikia, na chupa ya maji niliiacha nyumbani wiki ya saba, siku ambayo niliiogopa kuliko Jangwani yenyewe.

Watu huniuliza wafanye nini wakati shambulio limeshafika. Pumua taratibu kwa pua, na utoe pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwa mfano ukihesabu nne kuingia na sita kutoka. Achana na ule ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, kwa sababu unaweza kumdhuru mtu ambaye tatizo lake kumbe ni pumu au moyo. Jiambie jina la jambo hilo, "hili ni shambulio la hofu, nalijua, litapita," na uendelee na ulichokuwa ukifanya, hata kwa uzito. Naongeza tahadhari ambayo sijaisikia ikisemwa vya kutosha: kuhesabu pumzi nako kunageuka hirizi ukikufanya kwa papara ili kuifukuza hofu, kwani hofu inayofukuzwa hukaa nje ya mlango ikisubiri.

Dawa zipo, na hakuna aibu kuzitumia. Zile za kundi la fluoksetini na sertralini huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na hazifai kukatishwa ghafla bila daktari kujua. Diazepamu ni jambo jingine: inatuliza upesi, na kwa sababu hiyo hiyo mtu huizoea upesi mpaka akaitegemea, hivyo usiinunue kwa kuambiwa na jirani. Mimi nilipunguza pia kahawa chungu ya kijiweni, kutoka vikombe vinne kuwa kimoja, kwa kuwa kafeini inaudundisha moyo, na moyo ukidunda tu nilikuwa tayari kuutafsiri vibaya.

Kwa wanaoishi na mtu wa namna hii, msimwagie maji, msimzingire, na msimwambie "acha woga." Mke wangu alijifunza kukaa pembeni yangu na kuniuliza jambo dogo la nyumbani kwa sauti ya kawaida, basi. Wala msimfanyie kila kitu. Siku aliyokataa kwenda sokoni badala yangu nilikasirika, lakini nilikwenda.

Mwaka jana hofu ilirudi. Nilikuwa nimelala vibaya kwa siku kadhaa kwa kumuuguza mtoto, na basi lilipoteremka kuelekea Jangwani ganzi ikaanza vidoleni. Nililegeza mabega, nikaacha moyo udunde utakavyo, nikaendelea kusoma ujumbe wa mke wangu aliyenitaka nipitie nazi mbili jioni. Basi lilipofika kituo cha Fire moyo bado ulikuwa ukidunda. Nilishuka Kisutu, kituo nilichokuwa nikiendea.